Gemu Inakwama: Tatizo ni Fremu, Mtandao au Skrini?

Ingia kibanda chochote cha gemu, kiwe Manzese au Eastleigh, ukae pembeni usikilize. Neno moja linabeba lawama zote: "inalag." Mchezaji akibonyeza pasi na mpira ukachelewa kutoka, inalag. Picha ikikatakata wakati wa kona, inalag. Adui wa Free Fire aliyekuwa nyuma ya ukuta akiibuka ghafla mgongoni mwako, inalag pia. Na ushauri unaotolewa huwa uleule: ongeza bando.

Mkanganyiko huu umezidi siku hizi kwa sababu mbili. Simu za bei ya kati zinauzwa kwa maandishi makubwa ya hezi 90, 120 hata 144. Na tangu kampuni ya Rockstar ionyeshe gemu yake ya GTA VI mwishoni mwa 2023, mitandaoni kuna ubishi usiokwisha kama gemu hiyo itakwenda fremu 30 au 60 kwa sekunde. Kuna wanaoona fremu 30 ni dharau kwa mnunuzi, na kuna wanaoapa kwamba jicho la binadamu halioni tofauti yoyote. Anayeumia katikati ya kelele hizo ni mchezaji wa kawaida, anayetoa hela kurekebisha kitu ambacho hakijaharibika.

Tuanze na vitu vitatu ambavyo watu huvichanganya.

Fremu ni picha moja. Filamu unayoitazama imesharekodiwa, kila picha iko tayari. Gemu haina picha iliyo tayari. Inasoma ulichobonyeza kwenye pedi, inakokotoa mpira umefika wapi na kipa ameelekea upande gani, inachora picha nzima kuanzia mwanzo, inaituma kwenye skrini, kisha inaanza tena. Idadi ya picha ambazo kifaa kinafaulu kuchora kwa sekunde moja ndiyo kasi ya fremu, ile wachezaji wanayoiita FPS. Hii ni kazi ya prosesa na kadi ya picha iliyo ndani ya kifaa chako.

Hezi ni mara ngapi skrini yenyewe inaweza kubadilisha picha kwa sekunde. Skrini ya hezi 120 iko tayari kupokea picha mpya mara 120. Haina uwezo wa kuzitengeneza.

Pingi ni muda ambao ujumbe unatumia kutoka kwenye kifaa chako hadi kwenye seva ya gemu na kurudi. Seva nyingi tunazozitumia Afrika Mashariki ziko mbali, Johannesburg, Ulaya au Mashariki ya Kati, kwa hiyo umbali peke yake tayari unakula muda. Hapo ndipo bando na mtandao vinapohusika, na ni hapo tu.

Kifaa, skrini, mtandao. Makala hii ni ya kile cha kwanza, kwa sababu ndicho kinachosingiziwa kuwa cha tatu.

Mkono ndio unaoumia kwanza

Watu wengi wakisikia fremu ni chache wanafikiria ubaya wa picha. Mimi nadhani hapo ndipo wanapokosea njia. Kasi ya fremu isomwe kama muda. Gemu ikichora fremu 60 kwa sekunde, kila picha inakaa mbele yako milisekunde 16.7. Kwa fremu 30 inakaa milisekunde 33.3. Kwa fremu 20, milisekunde 50. Katika muda huo wote unatazama hali iliyokwisha kupita, na gemu nayo haijaonyesha jibu la ulichobonyeza.

Tena si fremu moja tu. Tangu kidole kibonyeze hadi mchezaji wako aonekane anapiga shuti, gemu nyingi zinapitisha fremu kadhaa: moja ya kusoma pedi, nyingine ya kukokotoa, nyingine ya kuchora na kupeleka. Tuseme zinahitajika fremu tatu. Kwa kasi ya 60, jibu litafika baada ya milisekunde 50. Kwa 30, baada ya 100. Kwa 20, baada ya 150, kabla televisheni haijaongeza ucheleweshaji wake yenyewe. Ndiyo maana mchezaji wa gemu yenye fremu chache husema pedi "nzito." Pedi haina kosa. Anasahihisha mkono wake kwa kufuata picha iliyopitwa na wakati: analenga adui, anaona bado hajamfikia, anasukuma zaidi, na picha mpya inapofika lengo limeshapita kichwa cha adui. Anarudisha nyuma, anapitiliza tena upande wa pili.

Ongeza na upungufu wa habari. Adui anayekatiza mlango kwa nusu sekunde, kwa fremu 60 utamwona katika picha 30 tofauti. Kwa fremu 20 utamwona katika picha 10, akiruka kutoka sehemu moja hadi nyingine bila kupita katikati.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2006 Mark Claypool na wenzake wa Worcester Polytechnic Institute, Marekani, walichapisha utafiti wa wachezaji wa gemu za kupiga risasi waliochezeshwa kwa kasi mbalimbali za fremu, kuanzia tatu tu hadi 60, na kwa ukali mbalimbali wa picha. Kasi ya fremu iliathiri matokeo ya wachezaji kuliko ukali wa picha. Kijana mwenye simu ya kawaida anaweza kulitumia hilo leo: akilazimika kuchagua kati ya picha nzuri na fremu nyingi, katika gemu ya mapambano achukue fremu.

"Mbona sinema ni fremu 24?"

Hoja hii hutolewa kama kauli ya kufunga mjadala, na inastahili jibu kamili. Ni kweli, sinema zilikaa kwenye fremu 24 tangu sauti ilipoingia kwenye filamu mwishoni mwa miaka ya 1920. Lakini kamera ya sinema huacha mlango wake wazi kwa muda, kwa kawaida karibu 1/48 ya sekunde kwa kila picha, kwa hiyo mkono unaopita mbele yake unaacha ukungu, na ukungu huo unaunganisha picha moja na inayofuata. Gemu huchora picha iliyoganda, kali kila mahali, na hata zile zinazoongeza ukungu wa bandia zinakadiria tu. Zaidi ya hapo, mitambo ya zamani ya sinema ilimulika kila picha mara mbili au tatu ili mwanga usipepese machoni. Na kubwa kuliko yote, mtazamaji wa sinema hajashika pedi. Hakuna anachobonyeza, kwa hiyo hakuna jibu linaloweza kumchelewea.

Mwaka 2012 filamu ya kwanza ya The Hobbit ilitolewa kwa fremu 48, na watazamaji wengi hawakuipenda, wakasema inafanana na kipindi cha televisheni. Hiyo inatuambia kuhusu mazoea ya sinema. Kuhusu gemu haituambii kitu.

Na lile dai kwamba jicho halioni zaidi ya fremu 24, au 30, au 60, kutegemea nani anazungumza? Jicho halifanyi kazi kwa fremu. Linapokea mwanga mfululizo. Watu wanachanganya maswali mawili: picha ngapi zinatosha ubongo uanze kuona mwendo badala ya picha mojamoja, na picha ngapi zinatosha usione tena nafuu ukiongezewa. La kwanza jibu lake ni dogo, picha kumi na kidogo kwa sekunde. La pili liko juu sana, na linategemea kitu kinakwenda kasi gani na mtazamaji amezoea nini. Anayetaka ushahidi akae mbele ya PS4 yenye FIFA. Mechi yenyewe inakwenda fremu 60. Bao likifungwa, marudio yanaonyeshwa kwa fremu 30. Angalia mpira na nyasi wakati kamera inageuka, na utaona mahali ulaini unapokatika.

Pale fremu inapokuwa ndiyo saa

Kuna upande wa jambo hili ambao hauzungumzwi sana, nao ndio unaonivutia kuliko yote. Katika gemu nyingi fremu haionyeshi wakati tu, bali ndiyo inayohesabu wakati.

Wachezaji makini wa Tekken, gemu ya kupigana ngumi, wanajua. Ngumi nyepesi ya kawaida hufika baada ya fremu 10, ambayo ni moja ya sita ya sekunde kwa kasi ya 60. Kila teke, kila kinga, kila nafasi ya kulipiza imehesabiwa kwa fremu. Gemu ya aina hii haiwezi kuruhusu kasi kupanda na kushuka ovyo. Kifaa kikishindwa kufika 60, mara nyingi pambano lote linapungua kasi, ngumi zinaelea polepole.

Mwanzo wake ni wa kale. Katika Space Invaders ya 1978, Tomohiro Nishikado aliona kwamba maadui wakiwa wengi kwenye skrini mashine inaelemewa na wanasogea polepole, na kadiri wanavyouawa waliobaki wanakwenda mbio. Akaiacha hivyo, na ule ugumu unaopanda ukawa roho ya gemu. Miongo mitatu na zaidi baadaye tabia hiyohiyo ilileta kero: Dark Souls II ilipotoka kwenye kompyuta mwaka 2014, silaha zilichakaa mara mbili haraka kwa waliocheza kwa fremu 60 kuliko waliocheza kwa 30, kwa sababu uchakavu ulihesabiwa kwa fremu. Ilirekebishwa mwaka uliofuata.

Hata sisi tuliguswa bila kujua. Televisheni za Kenya na Tanzania zilifuata mfumo wa PAL wa hezi 50, wakati Japani na Marekani zilitumia NTSC wa hezi 60. Gemu nyingi za zamani zilitengenezwa kwa 60, kisha zikaletwa kwenye 50 bila kurekebishwa saa yake. Matokeo yake toleo la PAL lilikwenda polepole kwa takriban asilimia 17. Sonic ya kwanza, ya 1991, ni mfano unaojulikana: hata muziki wake kwenye mashine ya gemu ya Mega Drive ya PAL unaburuta. Kwa hiyo ukikuta video ya gemu ya utotoni mwako mtandaoni na ukaona inakimbia kuliko unavyoikumbuka, huenda kumbukumbu yako iko sawa kabisa.

Wastani unaodanganya

Sasa tufike penye utata zaidi. Kijana ana kompyuta inayoandika FPS 60 pembeni mwa skrini, na bado gemu inashtuka. Anaambiwa anaota. Haoti.

Chukua kituo cha daladala. Ukiambiwa zinapita daladala sita kwa saa, unatarajia moja kila dakika kumi. Lakini zikija tano zikifuatana kisha ukasimama juani dakika hamsini kusubiri ya sita, hesabu bado ni sita kwa saa. Fremu nazo ziko hivyo. Kifaa kinaweza kuchora fremu 55 kwa haraka, kikakwama kwenye moja kwa robo sekunde, kisha kikamalizia nyingine nne. Namba itaonekana ya kuridhisha, na mkono utahisi pigo. Ndiyo sababu wapimaji makini hutazama pia ile asilimia moja ya fremu mbaya zaidi. Bloodborne ya 2015 kwenye PS4 ililaumiwa kwa hili: kwa hesabu ilikwenda fremu 30, lakini nafasi kati ya fremu hazikulingana, na wachezaji walihisi inakwaruza.

Skrini inachangia. Skrini ya hezi 60 hubadilisha picha kila milisekunde 16.7, haingoji. Gemu ikichelewa kidogo tu kumaliza fremu, picha ya zamani inabaki hadi zamu inayofuata, yaani milisekunde 33.3. Kwa hiyo gemu ya fremu 45 kwenye skrini ya hezi 60 inayumba kati ya muda mmoja na mwingine, na inaweza kuchosha kuliko gemu iliyofungwa kwenye 30 kamili. Ukizima mfumo wa kuisubirisha picha hadi zamu ya skrini (V-Sync kwenye mipangilio) ili kukwepa hilo, utaona picha ikichanika mlalo, nusu ya juu ya fremu moja na nusu ya chini ya nyingine. Teknolojia za kuifanya skrini iisubiri gemu, kama G-Sync iliyotangazwa 2013 na FreeSync iliyofuata, zinatibu hapo hasa. PS5 ilipata uwezo kama huo Aprili 2022, lakini unahitaji televisheni inayoukubali.

Hapa pia kuna hesabu nzuri ya fremu 40. Kwa namba, 40 inaonekana karibu na 30. Kwa muda, fremu moja ya 40 ni milisekunde 25, katikati kabisa ya 33.3 na 16.7. Na 40 inaingia mara tatu kamili kwenye 120. Ndiyo maana Ratchet & Clank: Rift Apart ya 2021 iliongezewa hali ya fremu 40 kwa wenye skrini za hezi 120.

Hesabu hiyohiyo ya muda inafichua kitu ambacho maduka hayasemi. Kutoka 30 kwenda 60 unaokoa milisekunde 16.7 kwa kila fremu. Kutoka 60 kwenda 120 unaokoa 8.3. Kutoka 120 kwenda 240, karibu 4.2. Bei inapanda, faida inapungua nusu kila hatua. Kwa mtu anayecheza nyumbani na wadogo zake, hatua ya kwanza ina thamani kubwa kuliko zote zinazofuata.

Simu ya hezi 120 inayocheza kwa fremu 28

Hali hii ipo kila mtaa. Skrini ni ya hezi 120, kurasa za mitandao ya kijamii zinateleza, kisha gemu ikifunguliwa prosesa inafaulu kuchora fremu 28 tu. Mara nyingine gemu yenyewe imeweka kikomo kwa simu ya aina hiyo, hata ungetaka zaidi.

Halafu kuna joto. Dakika kumi za kwanza gemu inakwenda vizuri, kisha inaanza kusuasua, na mwenye simu anasema mtandao umekuwa mbaya jioni. Prosesa ikipata moto hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Katika joto la Dar es Salaam au Mombasa, ndani ya kava nene la mpira, simu ikiwa kwenye chaji, hali hiyo inafika mapema sana. Vua kava, chomoa chaji, kaa penye upepo, na shusha vivuli na ukali wa picha kwenye mipangilio ya gemu. Kisha uchague kasi ambayo simu inaweza kuishikilia kwa nusu saa nzima. Fremu 30 zisizoyumba ni bora kuliko 60 zinazodumu dakika tano, na hili nalisema bila kusita.

Kujua tatizo liko wapi si kazi ngumu. Zima data ucheze sehemu ya gemu isiyohitaji mtandao, mazoezi au mechi dhidi ya kompyuta. Ikiendelea kukatakata, bando halihusiki. Ikiwa picha inateleza vizuri lakini wachezaji wengine wanaruka kutoka hapa hadi pale, au risasi zinazowapata hazihesabiwi, huo ni mtandao. Picha ikiwa laini, gemu haitumii mtandao, na bado kitufe kinachelewa, angalia televisheni: nyingi huipamba picha kabla ya kuionyesha, na kwenye menyu yake kuna hali ya gemu inayopunguza kazi hiyo. Wenye vibanda wangeiwasha leo, wateja wangeona tofauti bila kubadilishiwa kifaa. Kwa kompyuta, shusha ukali wa picha: fremu zikipanda, kadi ya picha ndiyo iliyoelemewa. Zisipopanda, ni prosesa, na kadi mpya haitakusaidia.

Tahadhari moja kwa wanaonunua kompyuta sasa. Tangu 2022, NVIDIA, kampuni ya kadi za picha, ilipoleta DLSS 3, kuna teknolojia zinazobuni fremu za katikati na kuzichomeka kati ya zile halisi. Namba inaruka na mwendo unaonekana laini. Lakini fremu ya kubuni haijasoma pedi yako. Gemu iliyokuwa na fremu 20 halisi inaweza kuonyesha 40, na mkono ukabaki kwenye 20, wakati mwingine kwa uzito zaidi. Juu ya msingi wa fremu 60 inapendeza. Kuitumia kuokoa gemu inayokufa ni kujipaka rangi.

Si kila gemu inadai fremu nyingi. Drafti, karata, gemu za zamu kwa zamu na za kujenga miji zinaweza kukaa kwenye 30 bila mtu kulalamika. The Legend of Zelda: Ocarina of Time ya 1998 ilikwenda fremu 20 tu na bado wengi wanaihesabu kati ya gemu bora kuwahi kutokea, kwa sababu ilijengwa kwa mwendo huo. Kwa upande wa pili kuna miwani ya uhalisia pepe. Oculus Rift na HTC Vive za 2016 ziliwekwa kwenye hezi 90, kwani kichwa kikigeuka na picha ikachelewa, wengi hupata kichefuchefu. Na ahadi isipolingana na kifaa mnunuzi haoni huruma: Cyberpunk 2077 ilitoka Desemba 2020, kwenye PS4 za kawaida ikashuka hata chini ya fremu 20 katika maeneo yenye watu wengi, ikiwa na kasoro nyingine tele, na ndani ya siku chache Sony ikaiondoa dukani kwake hadi Juni 2021.

Kwa hiyo GTA VI ikija na fremu 30, swali la kuuliza ni kama hizo 30 zitasimama imara wakati magari yamejaa barabarani na polisi wako nyuma yako. Video za matangazo haziwezi kulijibu. Na ukienda kununua simu au PS4 iliyotumika, mwombe muuzaji ufungue gemu unayoicheza kweli, uiache iende dakika ishirini mpaka kifaa kipate moto, kisha ndiyo muongee bei.